Ziwa Juu ya Ubao

Watu wanaotengeneza mifano ya manowari, kuanzia Ulaya hadi Japani, hupenda meli kubwa: Bismarck ya Wajerumani, Yamato ya Wajapani, Hood ya Waingereza. Masanduku ya plastiki ya meli hizo yanauzwa dunia nzima. Kijana wa Bunia akibahatika kuletewa moja na ndugu aliyeko Kampala au Brussels, ataunganisha vipande, atapaka rangi ya kijivu, kisha atakwama pale ambapo karatasi ya maelekezo haimsaidii tena, yaani kwenye bahari yenyewe. Bunia iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Atatengeneza maji aliyoyaona kwenye picha, na maji ya namna hiyo hujulikana mara moja.

Ushauri wangu kwake ni aiache Bismarck. Manowari zilipigana kwenye maziwa yetu, na maji ya ziwa anaweza kwenda kuyatazama kwa macho yake. Toka Bunia, pita Bogoro, teremka ukingo wa bonde hadi Kasenyi. Ni kilomita 50 hivi. Ziwa Albert unaloliona hapo limejua meli za moshi tangu karne ya 19: mwezi wa Aprili 1888 gavana Emin Pasha alilivuka kwa meli iitwayo Khedive, akaja kukutana na msafiri Stanley upande huu wa magharibi. Na ng'ambo, Butiaba, ndipo mwongozaji John Huston alipopiga sehemu ya filamu ya The African Queen, iliyotoka mwaka 1951. Chanzo cha filamu hiyo ni riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na nyuma ya riwaya kuna vita vya kweli vilivyopiganwa kusini kwetu, kwenye Ziwa Tanganyika. Vita hivyo ndivyo tutakavyoviweka juu ya ubao katika sura hii.

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani ndio waliokuwa wakilitawala Ziwa Tanganyika. Walikuwa na Hedwig von Wissmann na Kingani, meli mbili ndogo za moshi, na Februari 1915 wakashusha majini Kigoma meli ya tatu, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71. Ilikuwa imejengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni. Upande wa Kongo, Wabelgiji walikuwa na meli Alexandre Delcommune, ambayo Hedwig iliishambulia Agosti 1914 na kuiacha haifai. Hapo mwindaji wa tembo, John Lee, akawapelekea Waingereza wazo ambalo wakuu wengi wa jeshi wangelicheka: boti mbili za injini zichukuliwe Uingereza, zipitishwe Cape Town, zipande treni hadi Katanga, zivutwe juu ya milima ya Mitumba, ziteremke mto Lualaba, zipande treni tena hadi Lukuga, mahali palipokuja kuitwa Albertville na leo ni Kalemie. Boti hizo zikapewa majina Mimi na Toutou, na kiongozi wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Ziliondoka Uingereza Juni 1915 na kufika ziwani mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 zilitoka kuikabili Kingani, na ndani ya dakika 11 hivi mapigano yakawa yamekwisha. Kamanda wa Kingani, Luteni Junge, aliuawa, na meli yake ikatekwa.

Sasa chukua kalamu na ubao, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza hukosea. Wanasikia neno vita, wanataka kuonyesha mizinga ikifyatua. Tupige hesabu. Skeli inayofaa kwa boti hizi ni 1:72, maana vipande ni vidogo kiasi cha kuwekwa mezani lakini si vidogo mno kwa jicho. Mimi ilikuwa na urefu wa mita 12, kwa hiyo kwenye ubao itakuwa sentimita 17. Kingani, mita 17 hivi, itakuwa sentimita 24. Götzen ingekuwa karibu mita moja kamili, na ndiyo sababu tunaiacha. Lakini mapigano yalianza boti zikiwa mbali na Kingani yapata mita 1,800. Kwa skeli hiyo hiyo ni mita 25. Ungehitaji ukumbi wa kanisa. Anayeweka meli tatu zinazopigana juu ya ubao wa sentimita 60 amezisogeza hadi mabaharia wangeweza kurushiana mawe, na mtazamaji huhisi kasoro hata asipojua kuieleza.

Kwa hiyo nachagua saa iliyofuata. Kingani inafikishwa pwani ya Lukuga, ubavu umetobolewa na kombora, maji yanaingia, imelala upande mmoja kwenye maji mafupi. Mimi inakuja taratibu karibu yake. Ufukweni na kwenye mteremko umesimama umati wa watu walioyatazama mapigano kutoka juu. Ubao wa sentimita 60 kwa 40 unawakilisha mita 43 kwa 29 za kweli, na yote hayo yanaingia bila kudanganya umbali. Kuna faida nyingine: meli iliyoinama ina habari ya kusimulia kuliko meli iliyonyooka.

Kwa mwili wa meli usitumie mikaratusi, hata kama ndiyo mbao rahisi kuliko zote Bunia. Hupinda na kupasuka baada ya rangi kukauka. Omba mabaki ya libuyu kwa seremala; ikiwa imekauka sawasawa, hukatika safi na hutulia. Kata tabaka za ubao mwembamba, kila tabaka kwa umbo la meli katika kimo chake, gundisha moja juu ya nyingine, kisha lainisha kwa msasa. Sehemu iliyo chini ya maji haihitajiki, ila kwa Kingani ongeza kidogo upande unaoinuka. Kuta za chumba cha nahodha na dohani zinatoka kwenye mikebe ya soda, ambayo hukatwa kwa mkasi. Ribiti za mabati zipige kwa nyuma kwa ncha ya biki iliyokwisha wino, ukiwa umeweka bati juu ya karatasi nene. Mrija wa biki ukiupasha juu ya mshumaa na kuuvuta polepole unatoa uzi mwembamba kuliko wowote unaouzwa dukani, nao unafaa kwa nyaya za mlingoti. Mtutu wa bunduki ya Maxim iliyokuwa tezini mwa Mimi ni sindano mpya ya seringi iliyokatwa ncha. Mzinga wa omo, Hotchkiss wa ratili tatu, ni mbavu nyembamba ya mwavuli mbovu. Mzinga huo uelekeze mbele kabisa. Uliweza kupiga mbele tu, na mbinu nzima ya siku ile ilisimama juu ya jambo hilo: Kingani nayo mzinga wake ulitazama mbele, kwa hiyo boti ziliifuata kwa nyuma ambako haikuweza kujibu.

Wapo watakaotaka kutengeneza Götzen siku moja, hivyo niseme neno moja juu yake. Mzinga wake mkubwa wa sentimita 10.5 ulitoka kwenye Königsberg, manowari iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Baadaye Wajerumani waliuondoa kwenda kuutumia nchi kavu, wakaweka mahali pake mzinga wa bandia wa mbao. Ukichagua kuonyesha miezi ile ya mwisho, kabla wenyewe hawajaizamisha meli hiyo Julai 1916, mzinga wako wa mbao utakuwa sahihi kuliko wa chuma.

Rangi inataka tahadhari. Picha za vita vile ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za zama hizo hazikuona rangi nyekundu vizuri: chekundu kilitoka cheusi, na bluu ya anga ikatoka nyeupe. Bendera, rangi ya kuzuia kutu, hata udongo mwekundu, huonekana vyeusi kuliko vilivyokuwa. Usisome picha ya mwaka 1915 kana kwamba imepigwa na simu yako. Tena rangi ya meli ikipakwa kwenye mfano kama ilivyo kwenye kopo huonekana nzito mno, kwa sababu kitu tunachokiona kwa mbali hupaukishwa na hewa iliyo katikati. Ongeza nyeupe kidogo kwenye kijivu chako. Fanya hivyo hata kwa nyeusi. Hakuna nyeusi kamili kwenye diorama nzuri, yaani mandhari ndogo tunayoijenga juu ya ubao.

Kisha kutu. Hapa nitakuwa mkali, kwa kuwa kutu imeharibu mifano mingi kuliko gundi. Fundi akishajifunza kuitengeneza, huimwaga kila mahali. Kingani ilikuwa meli ya kazi iliyotunzwa na jeshi, kwenye maji yasiyo na chumvi, ambayo hula chuma polepole kuliko bahari. Graf von Götzen yenyewe ilikaa miaka chini ya maji, ikainuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, ikabeba abiria kwa miongo mingi. Basi kutu iwe michirizi mifupi chini ya matundu ya maji, kwenye mnyororo wa nanga, na mahali ambapo rangi imekwanguliwa na gati. Kwangua kutu ya kweli kwenye msumari, isage iwe unga, changanya na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Hakuna rangi ya dukani inayoishinda. Pembeni mwa tundu la kombora usiweke kutu hata kidogo. Chuma kilichochanika saa moja iliyopita hung'aa. Paka fedha kwenye kingo zake zilizopinda kwa ndani, na moshi mweusi kuzunguka, ambao ni unga wa makala uliopakwa kwa kidole.

Tumefika kwenye maji, nami nitakaa hapa.

Kabla hujagusa gundi, nenda Kasenyi au Tchomia siku nzima, ukae palipo na boti. Tazama asubuhi upepo ukiwa bado, tazama mchana ukivuma. Kwanza simama juu ya ukingo, halafu teremka, uiname macho yawe karibu na maji. Utagundua kwamba ni maziwa mawili. Ukitazama kutoka chini, kwa mlalo, maji ni kioo cha anga: kukiwa na mawingu ni ya fedha, anga likiwa safi ni ya bluu. Ukitazama kutoka juu, jicho linapenya, unaona rangi ya maji yenyewe na mchanga ulio chini yake. Diorama inawekwa mezani na watu huitazama kutoka juu. Kwa hiyo maji yako yapake rangi ya yule aliyesimama kwenye ukingo. Waliokuwa Lukuga siku ile, wengi wao walikuwa juu ya mteremko. Mtazamaji wako anasimama walipokuwa wao.

Rangi usiichukue Kasenyi, hata hivyo. Ziwa Albert ni fupi kwenda chini, mita 58 tu palipo na kina kikubwa, na maji yake karibu na pwani yana ukijani na tope. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ni maangavu sana. Kwenye ubao wako, ukingo wa mbali uwe bluu nzito yenye kijani kidogo, halafu ifunguke polepole kadiri unavyokaribia pwani, hadi mchanga uonekane chini ya meli iliyoinama. Mpito huo wa rangi ufanywe kabla rangi haijakauka, kwa brashi pana yenye unyevu.

Umbo la maji linajengwa hivi. Msingi ni frigoliti, lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye katoni za televisheni. Lipake gundi nyeupe ya mbao kwanza na uiache ikauke, kwa sababu vimumunyisho vya rangi ya mafuta na gundi za haraka hulila hadi kubaki shimo. Juu yake tandaza karatasi laini ya chooni tabaka moja, ilowe gundi iliyozimuliwa, uisukume kwa brashi yenye nywele ngumu. Mikunjo inayojitokeza ndiyo viwimbi. Pima: wimbi la nusu mita kwa skeli yetu ni milimita saba, na ndani ya ghuba tulivu hata milimita tatu ni nyingi. Wimbi likizidi, meli yako inageuka kuwa toi papo hapo. Acha ikauke siku mbili, na wakati wa mvua zaidi.

Mkia wa boti una sheria yake, nayo ni nzuri ajabu. Mwanafizikia Lord Kelvin alionyesha mwaka 1887 kwamba kwenye maji ya kina, mawimbi nyuma ya chombo hufunguka kwa pembe ya nyuzi 39 hivi, iwe ni bata anayeogelea au meli ya chuma. Chora pembe hiyo kwa penseli nyuma ya Mimi kabla ya kujenga, na uhakikishe viwimbi vya pembeni havitoki nje yake. Mafundi wengi huchora mkia mwembamba kama mshale au mpana kama feni. Povu liwe katikati, nyuma ya parafujo, na jembamba omoni, kwa kuwa Mimi inakuja polepole. Ilikuwa na uwezo wa kasi ya noti 19, na fundi hushawishika kuonyesha kasi hiyo, lakini haikuingia bandarini hivyo.

Mwisho wa maji ni vanishi. Vanishi ya samani inayouzwa kwenye maduka ya Boulevard de Libération ina unjano, na unjano juu ya bluu ni kijani. Jaribu kwanza kwenye kipande kingine. Vanishi ya maji ni bora, ukiipata. Paka tabaka nyembamba nyingi, kila moja ikauke, chumbani pasipo vumbi, nawe unajua vumbi la Bunia wakati wa kiangazi. Funika kazi yako kwa shitingi iliyoinuliwa kwa vijiti. Kwa povu, gusa vilele vya viwimbi kwa brashi kavu yenye nyeupe kidogo, na pamba iliyochambuliwa hadi ikaribie kutoweka.

Moshi sitauzungumzia sana. Meli hizi za moshi zilichoma kuni, kwa hiyo moshi wake ni mwepesi wenye weupe, si lile wingu jeusi la makaa ya mawe. Baruti ya mizinga ya mwaka 1915 haikutoa moshi mwingi, hivyo mabonge ya pamba mbele ya mitutu ni kosa hata kwa anayeonyesha mapigano. Uzi mmoja wa mvuke unaovuja sitahani mwa Kingani unatosha. Ukishindwa kuufanya mwepesi, uuache.

Mchanga wa ufukweni nao ni mtego. Chembe ya nusu milimita kwa 1:72 ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Ukimwaga mchanga wa Kasenyi umemwaga kokoto. Tumia majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, yakichanganywa na udongo mkavu uliosagwa.

Wamebaki watu, na hapa nina neno zito kuliko kutu. Mtu wa kimo cha kawaida atakuwa na milimita 24. Anatengenezwa kwa waya wa shaba uliotolewa ndani ya kebo ya umeme, ukavikwa karatasi laini yenye gundi, na kazi hiyo inachosha macho. Kwa sababu inachosha, mafundi huweka maofisa watatu wenye kofia sitahani na kumaliza. Huo ni uongo ulio mkubwa kuliko rangi isiyo sahihi. Boti hizi zilipita juu ya milima kabla ya kupita juu ya maji. Ili zivuke Mitumba, kwenye njia iliyopanda zaidi ya mita 1,800, mamia ya Wakongo walifyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya mia moja kwa miti waliyoikata papo hapo. Mashine za mvuke zilizozivuta hazikuwa na maji ya kutosha, na wanawake wa vijiji vya njiani waliajiriwa kuyabeba vichwani ili zisizimike. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, Kongo peke yake ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi wao hawakurudi. Bendera ya Hedwig von Wissmann, iliyozamishwa tarehe 9 Februari 1916 na Mimi pamoja na Kingani hiyo hiyo iliyokarabatiwa na kuitwa Fifi, ilichukuliwa kama nyara na Waingereza. Majina ya waliobeba maji hayakuandikwa.

Ndiyo maana mteremko wa diorama hii uwe umejaa. Weka askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, weka wavuvi waliovuta mitumbwi yao pembeni, weka vibarua walioketi, weka wanawake wenye mitungi. Usiwapange mstari kama gwaride. Umati husimama kwa mafungu, na daima kuna anayetazama upande mwingine. Na ukiwa na ubao wa pili, tengeneza Mimi ikiwa juu ya magurudumu katikati ya msitu, mbali na maji yoyote, ikivutwa kupanda mlima. Nijuavyo mimi, hakuna manowari nyingine inayostahili kuonyeshwa nchi kavu kuliko hiyo.

Ukimaliza, andika kibao: jina la mahali, tarehe, skeli, na mstari mmoja kuhusu walioipitisha milimani. Ipeleke shuleni badala ya kuifungia sebuleni. Na ikiwa muda au pesa vitakuishia kabla ya kumaliza, acha bunduki ya Maxim, acha nyaya za mlingoti, acha hata moshi. Watu wa mteremkoni wachonge kwanza.